Kishikwambi na Pumzi za Shaabani

Jumatatu, 7 Machi 2022
Zahanatini tumeletewa kishikwambi. Eti kitanishauri nani apewe antibiotiki! Mimi, Tabibu Fortunatus, niliyekuwa natibu kisiwa hiki kabla vishikwambi havijatengenezwa! Thuwaiba kamleta mwanawe Shaabani, miaka miwili, makamasi tu. Kishikwambi kikasema hahitaji dawa, anywe maji ya vuguvugu yenye asali. Thuwaiba akauliza kama asali ndiyo niliyoisomea huko Bara. Akaenda zake duka la dawa la Awadh. Nimeumia. Kufikia jioni kijiji kizima cha Ndagoni kitajua kwamba siku hizi sina dawa.

Jumanne, 8 Machi
Nimekipatia! Kishikwambi huuliza mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika; zikifika arobaini, kinaruhusu dawa. Thuwaiba karudi, Awadh alikuwa kafunga duka. Nikajaza hamsini na mbili. Papo hapo: nimonia, apewe amoksilini! Muuguzi Recho akauliza nimehesabu lini. Nikamjibu kwamba jicho la daktari linahesabu lenyewe. Akanitazama kama askari wa hifadhi ya bahari anavyotazama nyavu haramu za macho madogo. Thuwaiba kaniombea dua, kaniletea na pweza.

Ijumaa, 11 Machi
Foleni mpaka nje! Watoto wote wanapumua hamsini na mbili. Heshima imerudi. Recho hasemi nami. Wivu.

Jumatano, 16 Machi
Shaabani karudi, na safari hii si makamasi. Mwili unaungua, mbavu zinabonyea akivuta pumzi. Nikahesabu kweli, saa mkononi: hamsini na sita. Kishikwambi kikasema alishatibiwa nimonia wiki iliyopita, dawa imeshindwa, apelekwe hospitali haraka. Imeshindwa na nini? Wiki iliyopita hakuwa na nimonia! Thuwaiba akauliza mbona dawa yangu haikusaidia. Nikainama kuandika barua ya rufaa. Ugonjwa huu ni mpya, au vijidudu vimeshaizoea dawa niliyompa bure? Sijui, na ni mimi niliyejifunga macho. Bodaboda ikawachukua hadi hospitali ya Kilindoni. Naogopa.

Ijumaa, 18 Machi
Shaabani ana nafuu, Mungu ashukuriwe. Bado anachomwa sindano. Recho kanishauri, kwa upole, niwaeleze wakubwa wa wilaya ukweli, wasije watoto wale wengine wakatibiwa kwa pumzi nilizobuni mimi. Nimewaza mchana kutwa. Kweli, lazima waambiwe. Nimewaandikia: kifaa chenu ni cha hatari, kinaamini kila kinachoambiwa! Walete kingine kinachoweza kumtambua mwongo.

Hadi kifike, nitakuwa najaza arobaini na tano. Hamsini na mbili ilikuwa tamaa.