Salsicha kwa Kila Nyumba

Mheshimiwa sana Senhor Administrador wa Palma, ambaye hakuja. Mheshimiwa Chefe wa Posto, ambaye alikuwa aje lakini amepatwa na homa ya ghafla aliposikia kwamba nitahutubu mimi. Maofisa na askari wote wa kambi yetu, ambao alfajiri ya leo wameondoka kwa msafara kwenda Awasse na hawarudi mpaka kesho. Cabo Jerónimo, mpishi wa askari, uliyeachwa peke yako kulinda taifa na masufuria. Sipai Cassamo, mlinzi wa lango. Mwalimu Atumane wa madrasa. Mke wangu Mwanvua, uliyeketi mbele kabisa kama itifaki inavyotaka. Mabibi na mabwana, wakazi wa aldeamento hii ya Mchangani, mliong'olewa vijijini kwenu na kukusanywa humu ndani ya seng'enge kwa ajili ya usalama ambao hamkuuomba: bom dia! (Watu: "Bom dia." Mbuzi mmoja analia.)

Mimi, Regedor Saburi bin Shaibu, niliyeteuliwa na Serikali ya Mreno, nikathibitishwa na Serikali, na nikavishwa kofia hii na Serikali, nasimama mbele yenu mwaka huu wa 1971 kuzindua, kufungua na kutekeleza kwa pamoja Programa kubwa ya progresso ya familia, iitwayo Salsicha kwa Kila Nyumba. (Makofi, yanayoanzishwa na Regedor mwenyewe.)

Mtaniuliza, salsicha ndiyo nini? Msione haya kutojua. Hata mimi sikujua mpaka Ijumaa, nilipokuwa napita karibu na jiko la askari katika shughuli za kiserikali, nikamsikia Cabo Jerónimo anaruka kwa furaha, "Salsichas! Zinakuja salsichas kutoka Porto Amélia!" Nikamuuliza kwa Kireno cha ofisini, salsicha ni kitu gani? Akanitazama kitambo, akauma mdomo, akaniambia kwamba salsicha ni mbwa, mama yake anaye mmoja huko Ureno, mrefu wa tumbo, mfupi wa miguu, masikio yamelala, asili yake Ujerumani. Mtu mwenye elimu haambiwi mara mbili, na mimi sikuuliza tena. Nikafahamu pale pale kwamba Serikali imetuletea mbwa, nikaenda nyumbani kuandaa Programa. (Sauti: "Mbwa? Sisi?")

Nyinyi, ndiyo! Na masanduku haya nyuma yangu, yaliyoshushwa jana, ndimo walimo. (Sauti: "Mbona hawabweki?") Swali zuri, ndugu yangu, lakini ni swali la mtu aliyezoea mbwa koko. Mbwa wa Kijerumani ana disciplina. Habweki mpaka apewe ruhusa. (Sauti: "Na pumzi? Masanduku hayana tundu.") Pumzi yake pia ina disciplina. Tuendelee!

Sasa, kuchagua. Mbwa hachukuliwi kama anavyochukuliwa samaki wa fungu. Unamtazama yeye, kisha unaitazama nyumba yako, unauliza wataelewana? Kuna salsicha wa manyoya mafupi, wa manyoya marefu, na wa manyoya magumu kama kifagio. Nyumba yenye mchanga mwingi isichukue wa manyoya marefu, maana atakuwa anaingiza pwani yote chumbani. Nyumba yenye watoto wadogo ichague yule anayekuja mwenyewe mkononi, asiyejificha nyuma ya wenzake, na watoto wafundishwe kumbeba kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja matakoni, kwa sababu mgongo wake ni mrefu na ukivunjika Serikali haina wa kuubadilisha. Mwenye kuku ajue kwamba mbwa huyu ni mwindaji na anachimba. Na mwenye mke mkaidi asichukue dume kaidi, nyumba haiwezi kuwa na wawili. (Kicheko. Mwanvua hacheki.) Nami nawaomba, jina la nyumba likiitwa kuja kupokea mtoto wa mbwa, msione mmetukanwa. Kuanzia leo hicho ni cheo.

Jambo lingine ni kitanda. Salsicha asiachwe kabisa kuruka kitandani, ni hatari kwa uti wa mgongo. (Mzee Kurwa ananyanyuka, anaingia kibandani kwake, anatoka na kitanda kichwani.) Mnamwona Mzee Kurwa? Sijamaliza sentensi, yeye ameanza utekelezaji! Anakitoa kitanda nje mbwa asipande! Mpigieni makofi. (Makofi.)

Zaidi ya yote, mbwa huyu lazima atembezwe, asubuhi na jioni, la sivyo atanenepa na tumbo litaburura chini. Ndiyo maana jana niligawa kamba kwa asilimia mia moja na kumi na mbili ya nyumba zote, na ndiyo maana nimemwamuru Sipai Cassamo kwamba mwenye kamba mkononi apite langoni, asiulizwe. (Watu wanatazamana. Kisha makofi marefu, vigelegele, kofia zinarushwa.) Asanteni, asanteni! Sijawahi kuwaona hivi tangu mhamie.

Naam, Mama Mwanawetu, nakuona umenyoosha mkono. (Mwanawetu: "Bwana Regedor, sisi hatujawahi kutembeza mbwa. Si tujifunze kwanza kutembea na kamba, mbwa akija asituone washamba?") Loo! Mmesikia? Huyu ndiye Mama Mwanawetu aliyekuwa akinifuata kila siku ya Mungu, ati binti yake amejifungua ng'ambo ya Ruvuma, ati yeye ni bibi na mjukuu hajamtia machoni, ati atakufa humu kabla hajamnusa utosi. Leo mjukuu amemsahau, anauliza habari za mbwa! Haya ndiyo matunda ya uongozi. Nenda, mama, ukafanye mazoezi. Na wengine wenye moyo kama huo waende. (Mwanawetu anaondoka na kamba, anajifuta macho. Nyumba nne zinamfuata. Mzee Kurwa anapita langoni na kitanda kichwani, kamba mkononi.)

Mwalimu Atumane, nawe una neno. (Mwalimu: "Regedor, mbwa akiramba chombo kinaoshwa mara saba, na moja kwa udongo. Humu ndani nyumba nzima inapewa ndoo moja kwa siku.") Mwalimu, Serikali hii si jinga, imelifikiria hilo kisayansi. Salsicha ni mfupi. Ulimi wake haufiki mezani. Najisi yake haivuki goti! (Mwalimu: "Hatuna meza, Regedor. Tunakula chini.")

(Regedor anairekebisha kofia yake.)

Hoja imepokelewa. Basi naamuru hivi: kwa kuwa kisima cha zamani kiko nje ya seng'enge, mwenye ndoo naye apite, akateke maji ya tohara mapema, kabla mbwa hajaramba. (Mwalimu: "Na udongo? Huu wa humu umekanyagwa na mabuti. Udongo safi uko mashambani kwetu.") Mwenye jembe naye apite! (Mwalimu: "Na nani ataukagua kama safi?") Wewe, Mwalimu, nani mwingine? Nenda na wanafunzi wako. (Mwalimu Atumane anaondoka na wanafunzi, msahafu, mkeka, wake wawili na mbuzi.) Angalieni watu wa dini walivyoipokea Programa! Na walikuwa wakisema Waislamu na mbwa hawapatani. Watu bwana, wana maneno.

Kwa nini Serikali inatumia nguvu zote hizi? Kwa sababu salsicha, enyi mliobaki, anaingia shimoni. Pua yake haidanganyiki. Akiwepo mgeni uvunguni mwako, au mtu wa msituni aliyekuja kula ugali na kusalimia mama yake, salsicha atamtoa hadharani. Ndani ya muda mfupi vita hivi vitakuwa vimekwisha, na historia itaandika kwamba viliisha hapa Mchangani, kwa mbwa. (Mtu anakohoa. Safu ya nyuma yote inakumbuka kwamba nayo haina maji ya tohara.) Polepole langoni, msisukumane! Udongo upo wa kutosha!

Sasa saa imefika ya kufungua. Cabo Jerónimo, njoo na nyundo. Viva mbwa! (Wachache: "Viva!") Viva miguu mifupi! (Sauti moja: "Viva.") Viva Programa! (Jogoo anawika.)

Fungua. Fungua taratibu, usiwaamshe kwa kishindo.

(Sanduku linafunguliwa. Regedor anachungulia ndani.)

Kabla ya kuhitimisha, napenda kutoa shukrani. Namshukuru Cabo Jerónimo, ambaye amenieleza sasa hivi, amekaa chini anashika mbavu, kwamba ziko salsicha mbili duniani, moja ina miguu na nyingine ina kopo, na kwamba mle masandukuni, tangu juu mpaka chini, ni makopo ya nyama ya nguruwe, chakula cha askari, picha ya nguruwe mwenyewe hii hapa anacheka. Namshukuru Senhor Administrador, ambaye hakuleta mbwa, hakuahidi mbwa, wala hajapata kusikia habari za mbwa. Programa haikuwepo, ndugu zangu. Ilikuwa kichwani mwangu, chini ya kofia hii, na humo ilikwenda vizuri sana. Cabo Jerónimo, msaada wako umetosha, nenda zako ukakaange. (Jerónimo anaondoka na makopo mawili, bado anacheka.)

Kwa hiyo watu wote warudi. Cassamo, waite warudi! Cassamo? (Lango liko wazi. Bunduki ya Cassamo imeegemezwa kwenye nguzo, kamba yake haipo.) Haiwezekani. Watu wangu ni watiifu, wamekwenda kuteka maji. Kisima kiko kusini, wao mbona vumbi lao liko kaskazini, upande wa Ruvuma?

Mabibi na mabwana... Bibi. Nakushukuru wewe, mke wangu, peke yako, kwa kunisikiliza mpaka mwisho, kama ulivyonisikiliza miaka yote hii, Mungu akulipe. Kesho askari watarudi kutoka Awasse, wataniuliza watu wako wapi, na mimi, Mwanvua, sina jibu, na naogopa. Naogopa kweli. Basi tukae tufikiri. Mbona umesimama? Hiyo kamba ya nini? (Mwanvua: "Namtembeza salsicha, bwana.") Salsicha gani? Si umesikia hakuna salsicha! (Mwanvua: "Nimesikia. Ndiyo maana hana haraka ya kurudi." Anatwaa ndoo, anatoka.)

Mwisho kabisa, natangaza kwamba mkutano umefungwa. (Regedor anavua kofia, anaitazama, anaiweka juu ya kopo.) Asanteni sana kwa kuja. Mwanvua! Mwanvua, ningoje, mama! Hiyo ndoo nipe mimi niibebe.