Plasta Mbili kwenye Meza ya Sauti

Jumatano, 11 Juni

Orodha ya wapigaji imebandikwa mlangoni. Nimewekwa wa kwanza! Wa kwanza ni yule anayepigia viti vitupu. Wa mwisho, mwenye heshima zote, ni Filimbi. Tulimpa jina hilo kwa kejeli alipojiunga nasi na kifilimbi chake. Leo limekuwa sifa. Yeye ana nyota, mimi nina gundu. Muziki wetu ni wa chini kwa chini, redioni haupigwi, na tunaupiga kwenye ghala la zamani la sabuni ambalo wasanii wameligeuza ukumbi. Miaka minne nimelifagia ghala lile. Filimbi hajawahi kushika hata ufagio!

Dada yangu mdogo ataimba pia, wimbo mmoja, wa pili. Kwake sina neno.

Alhamisi, 12 Juni

Mama amekubali kuja! Hajawahi kumsikia dada akiimba mbele za watu, alikuwa akisema ni muziki wa wahuni. Sasa masikio yake yanafifia, na daktari amesema hayatarudi kama zamani. Dada amemsihi aje angalau mara moja kabla hayajazima kabisa. Mama akasema haya, ila wamkalishe mbele. Dada alilia jikoni. Hata mimi machozi yalinilenga.

Kisha nikakumbuka kwamba mama atamsikia na Filimbi. Atamsifu. Atanilinganisha naye! Machozi yakakauka papo hapo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Fundi mitambo ni mtu wa mazoea. Kwenye meza yake ya sauti, chini ya kila swichi hubandika kipande cha plasta na kuandika ni ya nani. Waya hatazami, anatazama plasta tu. Swichi ya Filimbi ni ya saba. Ya nane ilikufa zamani, plasta yake imeandikwa MBOVU. Kesho, baada ya majaribio, fundi akienda kunywa chai, nitazibadilisha plasta hizo mbili, ili awashe ile iliyokufa. Filimbi atapuliza mpaka mishipa imtoke shingoni na hakuna atakayesikia kitu. Nimejipigia makofi mbele ya kioo.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi alasiri. Tayari. Plasta zimebanduka kirahisi.

Jumapili, 15 Juni

Jamani, mimi ni mtu gani?

Nilipiga wa kwanza. Watu waliendelea na mazungumzo yao. Akapanda dada. Maikrofoni yake ikaanza kukwaruza. Filimbi, nani kamtuma, akaruka jukwaani na kumpa yake! Akasema aimbe kwa hiyo, mama yake amekuja kwa ajili yake.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye meza ya sauti. Neno moja tu kwa fundi lingetosha. Lakini angeniuliza nimejuaje, nami nikajitia hamnazo.

Ngoma na besi zilinguruma, sauti ya dada ikamezwa yote. Fundi alivuta waya, akapiga meza makofi, jasho linamtiririka. Dada alifumba macho akaimba hadi mwisho. Mama alikaa mbele kabisa, mikono magotini, akiutazama mdomo wake. Watu wakampigia makofi kwa huruma. Mama naye akapiga.

Njiani dada alimweleza, kwa sauti ya juu sikioni, kuwa mitambo ilikufa. Mama akasema asimfariji, ukumbi mzima umeshangilia, yeye peke yake ndiye hakusikia. Masikio yamekwisha, akasema, na hana wa kumlaumu. Mimi nilitembea nyuma yao na gita langu mgongoni.

Jumatatu, 16 Juni

Fundi ameambiwa apumzike, asiguse tena mitambo ya ukumbi. Filimbi alikuja nyumbani kuomba radhi kwa ajili ya maikrofoni yake. Aliniomba radhi hata mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaapa kusema kweli. Nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa akiifunga redio yake kwenye kitambaa ampelekee jirani. Akasema ya nini tena, bora imfae mwenye masikio. Nikamkazia fundo. Nimembebea redio hadi kwa jirani. Najuta!

Jumanne, 17 Juni

Nimelala fofofo! Jawabu limenijia nikipiga mswaki. Kweli ya nini, wakati ipo njia nzuri zaidi? Nimechemsha maji, yamepoa, nimeyatia kwenye kichupa. Mama nitamwambia ni dawa mpya ya masikio, nimeihangaikia mno. Matone mawili kila asubuhi, siku tatu. Siku ya nne dada atamwimbia hapa hapa sebuleni, bila mitambo. Mama atasikia! Atanibariki. Dada atanikumbatia. Ya plasta nani atayauliza?

Lebo nimeiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kidaktari usiosomeka. Nimeibandika. Imekaa sawa, haina hata mkunjo.