Mkanda Mwekundu wa Jemedari

Jumatatu, 3 Machi

Gari la matangazo limepita mara tatu. Kesho chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, uwanja wa shule, kuanzia saa mbili asubuhi. Kila mbwa akishachomwa anafungwa mkanda mwekundu shingoni. Atakayeonekana barabarani bila mkanda atakamatwa. Jambo jema sana. Ila mimi nimekwisha!

Nieleze, maana daftari hili halina mdomo. Mtaani wananiita Mama Jemedari. Si kwa jina la mwanangu, wala si kwa cherehani niliyoikanyaga miaka ishirini na miwili. Ni kwa mbwa wangu. Wanamwogopa hadi msoma mita za maji anasomea nje ya geti. Yote yalianza mwaka juzi, mchuuzi wa sufuria alipotoka uani kwangu mbio, kiatu kimoja mkononi, Jemedari nyuma yake. Habari ikaenea. Ukweli ni kwamba Jemedari alikuwa anamkimbia kuku, wakawa tu wanaelekea upande mmoja.

Mbwa huyu mfuniko ukianguka jikoni anajificha siku nzima. Sasa nimpeleke akaangue kilio mbele ya mtaa mzima? Na Msusi atakuwepo! Msusi ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anasuka nywele za watu pamoja na habari zao.

Baba Watoto anasema nimpeleke tu, mbwa ni mbwa. Wanaume hawajui heshima inavyopatikana kwa jasho.

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda. Mungu ni shahidi, nilikwenda. Tukafika kwenye kona ya ukuta wa shule. Huko ndani mbwa wa mtu akatoa kilio kidogo tu, kwii. Jemedari akalala chali katikati ya njia, miguu yote minne juu, macho kayafumba. Nikavuta kamba. Akaburuzika kama gunia. Mara nasikia sauti ya Msusi inakaribia! Nikamviringisha Jemedari kwenye shuka, nikampakata, nikarudi kwa njia ya nyuma. Mama mmoja nisiyemjua akanipa hongera, akauliza ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kiume. Hapo sikusema uongo.

Nyumbani nikapekua kapu la mabaki. Kitambaa chekundu cha sare za kwaya, bado kipo tele. Nikasali kwanza, kisha nikashona. Au nilishona kwanza. Mkanda umetoka safi, pindo mara mbili.

Nimemweleza Mungu kwamba ni mbwa mmoja tu. Mmoja katika mtaa mzima! Wenzake wote wamechanjwa, huo ugonjwa utapita wapi mpaka umfikie Jemedari?

Jumatano, 5 Machi

Msusi kaja asubuhi, mpole isivyo kawaida yake. Mwenzangu hivi, mwenzangu vile. Anaomba kipande chekundu, ana mteja anataka kumfunga nywele. Nikampa.

Hajafika kwake, kaingia Fundi Baiskeli. Anataka kipande cha kuwekea alama baiskeli ya mteja. Nikampa. Akaja Mwalimu Mstaafu wa nyumba ya pili, anataka utepe wa kuwekea alama kitabu chake cha sala. Nikamkatia mfupi. Akasema hapana binti yangu, uwe mrefu, kitabu chenyewe kinene.

Hadi mchana watu kumi na wanane, kapu limebaki tupu! Nimetoa kwa moyo mweupe. Labda Mungu ataiweka sadaka hii upande wa pili wa mizani, mkabala na ule mkanda.

Jioni nimesimama getini. Mbwa wote wa mtaa wana mikanda myekundu. Wote! Nimeona haya. Kumbe majirani zangu ni watu waaminifu hivi, mwenye doa ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Mifugo kapita mtaani. Ndiye afisa aliyechanja siku ile, mtu mrefu, mkimya, miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama njiapanda akawatazama mbwa. Akatoa daftari. Akahesabu kwa kidole. Akafuta miwani, akahesabu tena. Kisha akaondoka bila kuaga.

Nadhani aliguswa sana.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Mbwa mgeni kaingia mtaa wa jirani, anayumba, mate yanamchuruzika. Kamuuma mbuzi wa muuza maziwa kabla hawajamuua. Gari la matangazo limerudi, safari hii Bwana Mifugo mwenyewe ndiye anayesema. Mbwa aliyechanjwa akiumwa na mwenye kichaa, ataongezewa sindano na ataishi. Asiyechanjwa akiumwa, hana dawa. Atauawa.

Majirani wakatoka vibarazani. Fundi Baiskeli akasema kwa sauti kubwa, sisi tuna wasiwasi gani, si wetu wote wamechanjwa! Mwalimu Mstaafu akaitikia, wote kabisa. Msusi akacheka, akaniuliza, au siyo, Mama Jemedari? Nikajibu ndiyo, tena kwa nguvu. Sauti ikanitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Chakula cha jioni nikamwachia Baba Watoto. Nilikaa kwenye cherehani, Jemedari akalaza kichwa juu ya mguu wangu pale kwenye kanyagio, kama afanyavyo tangu kitinda mimba wangu aolewe na nyumba ikawa kimya. Sikuweza kushona. Ningekanyaga, ningemwamsha. Nikakitazama kile kitambaa shingoni mwake. Pindo mara mbili! Kitamkinga na nini?

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri yalikuwa juu ya mwamba na mchanga, lakini mimi nilisikia mbwa tu. Nimepata mpango. Kesho alfajiri nampeleka ofisi ya mifugo, upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayenijua. Nitamlaza kwenye mkokoteni, juu yake majora ya vitambaa. Akiniuliza mtu, napeleka mzigo kwa mteja.

Baba Watoto ameuliza kwa nini nisimpeleke mchana kwa kamba kama watu. Nimemwombea.

Jumatatu, 10 Machi

Ya leo lazima niyaandike.

Nimefika ofisi ya mifugo saa moja kasoro. Nasukuma mlango wa chumba cha kungojea kwa mgongo, navuta mkokoteni, nageuka. Kwenye benchi ameketi Msusi! Mbele yake kigari cha mtoto, ndani yake kitu kimefunikwa blanketi mpaka kidevuni, kichwani wigi la misuko. Wigi likapiga chafya. Pembeni yake Fundi Baiskeli, ana gunia, na gunia lina mkia. Mwalimu Mstaafu amekalia sanduku lenye matundu, anasoma kitabu cha sala. Kitabu hakina utepe.

Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mwishowe Msusi akasema amemsindikiza shangazi yake mgonjwa. Nikamwambia pole, shangazi ana pua ndefu. Akaniuliza nami majora yangu tangu lini yanakoroma.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wiki nzima mimi nimejificha nyuma ya mbwa wa Msusi, na Msusi kajificha nyuma ya wangu. Mtaa mzima hakuna ukuta wa kuzuia ugonjwa, kuna mabaki ya sare za kwaya.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Mifugo akatutazama mmoja mmoja. Akasema siku ile kwenye mtaa wetu alifunga mikanda mitano. Ijumaa akahesabu ishirini na minne, mingi yake imeshonwa vizuri kuliko ya serikali. Akauliza fundi ni nani. Wote wakanitazama mimi, hata shangazi!

Alituonya vikali. Akasema angeweza kutushtaki, lakini yeye anataka mbwa wachanjwe, hataki watu wafungwe, na waliobaki tuwaambie waje kabla ya jioni. Kisha tukaingia mmoja mmoja. Jemedari akapiga ukelele kabla hata sindano haijatoka kwenye boksi, halafu akazimia. Alichomwa akiwa amelala. Lakini alichomwa! Mungu ni mwema. Kadi ninayo, ya kweli, ina muhuri.

Nilipotoka, wote wananitazama. Msusi akauliza ni nani aliyelia vile. Nikasema ni daktari.

Bwana Mifugo alikuwa nyuma yangu. Alifuta miwani.

Jumanne, 11 Machi

Nimetubu. Nimepiga magoti kabla ya kunywa chai. Nimeahidi kusema kweli kuanzia leo, hata ikiuma.

Saa nne nilikuwa natia zipu kwenye suruali. Mawazo mbali. Sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole cha shahada, ikatokea upande wa pili! Damu. Nikafunga kitambaa.

Msusi akaingia, eti kuulizia blauzi yake. Blauzi hata hajaileta. Akatabasamu. Akasema mtaani wanauliza kama ni kweli Jemedari alizimia kama bibi harusi. Kisha akaona kidole. Mwenzangu, umepatwa na nini?

Nilifungua mdomo niseme cherehani. Naapa nilitaka kusema cherehani. Mdomo ukasema, Jemedari huyo, nimemgusa tu akila, nusura akinyofoe.

Ungeyaona macho yake! Akarudi nyuma hatua mbili. Akatoka kwa ubavu, ukutani, huku akimtazama Jemedari aliyekuwa amelala na soksi ya Baba Watoto mdomoni. Kufika adhuhuri mtaa wote umejua. Msoma mita, aliyethubutu kuingia asubuhi, amerudi nje ya geti.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi hodi. Muuguzi wa zahanati, na kisanduku cha barafu. Msusi ndiye aliyemwita, na Msusi yuko nyuma yake, shingo ndefu. Muuguzi akauliza kama nilikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa. Nikasema sikuosha. Akanisimamisha bombani robo saa nzima. Kisha akaniambia, dada yangu, kichaa cha mbwa kikishapanda kichwani hakuna anayepona, na mbwa aliyechanjwa juzi kinga yake bado haijakaa. Hatubahatishi. Utachomwa sindano nne, ya kwanza sasa hivi.

Baba Watoto alikuwa mlangoni. Akaitazama ile sindano ya cherehani, damu imekaukia pale pale. Akanitazama mimi. Akasema kwa upole, Mama Watoto, sema tu. Muuguzi akasubiri. Nafasi ile aliileta Mungu mwenyewe, naijua.

Msusi akasogea hatua moja ndani.

Nikakunja mkono wa gauni.

Nililia kidogo. Si kwa sauti ya Jemedari, lakini karibu.

Mchana akaja Bwana Mifugo. Sheria inasema mbwa aliyeuma mtu afungwe na kuchunguzwa siku kumi, kwa hiyo kaleta mnyororo na kibao. Alimtazama Jemedari kwa muda mrefu. Jemedari akamlamba kiatu. Bwana Mifugo akashusha pumzi, akapigilia kibao getini. Herufi nyekundu, kubwa: HATARI. MBWA AMEUMA MTU. USIKARIBIE.

Kinasomeka mpaka njiapanda! Nimetoka mara nne kukitazama. Sindano zimebaki tatu, na bega limevimba. Nimemwomba Bwana Mifugo kesho akija na nyundo yake, kama si usumbufu, akigeuze kidogo kielekee kwa Msusi.