Bahasha ya Ukingo Mweusi

Jumatatu, 7 Machi 1887

Amefika! Bwana Ambrose Tyrell, mwigizaji mkuu, analala chumba cha mbele mpaka Jumapili. Mama amepangisha waigizaji hapa Hull miaka kumi, lakini hajapata kumpokea mtu kama huyu. Nilimpelekea maji ya moto. Akaniambia asante. Nilitaka kujibu, nikamwagia maji viatuni.

Mezani pake pana barua. Tuseme mlima! Za Dublin, za Edinburgh, moja imefungwa kwa lakiri ya zambarau. Watu wote hao wamemfungulia mioyo yao! Na msomaji wa barua zote ni mzee Pask, anayemvisha mavazi ya jukwaani. Husoma mistari miwili, huguna, hutupa motoni.

Nimepata wazo. Bwana Tyrell anahitaji katibu. Nilipewa zawadi ya mwandiko shuleni, na siri zitakaa salama kwangu, maana kwa aibu siwezi kuzungumza na mtu. Lazima nifaulu. Mama kasema nisipopata kazi wiki hii, Jumatatu naenda Goole kwa Shangazi Keziah, kufundisha watoto arobaini. Arobaini! Wote macho kwangu!

Jumanne, 8 Machi

Kumwomba kwa mdomo haiwezekani. Nimeandika kurasa sita, nikazitia posta, na adhuhuri tarishi akazileta hapa hapa nyumbani. Barua ikapanda ngazi. Nikaifuata na ndoo ya makaa. Pask akaifungua, akasema huyu naye anamwaga roho kurasa sita, hana kazi za kufanya? Motoni. Ikabidi niongeze makaa juu yake.

Alhamisi, 10 Machi

Ugunduzi! Leo imekuja bahasha yenye ukingo mweusi. Pask hakuguna. Alisimama, akavua kofia, akampelekea bwana wake bila kuifungua. Nikamuuliza Mama kwa nini. Akanishangaa, akasema ukingo mweusi ni msiba. Barua ya msiba mtu baki haifungui, wewe binti umekulia wapi?

Na sisi tunazo karatasi na bahasha za msiba wa Babu, droo nzima! Za ukingo mwembamba, na za ukingo mpana kama kidole gumba. Nimechukua za ukingo mpana. Zinapendeza zaidi.

Jumamosi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bahasha yangu, yenye ombi la kazi, nilimwachia bawabu wa mlango wa nyuma wa ukumbi wa maigizo kabla ya onyesho la mchana. Halafu nikapanda roshani ya juu kabisa, nikabanana na wachukuzi wa samaki.

Katika mchezo, Bwana Tyrell ni mfalme anayeletewa habari kuwa mwanawe amezama. Jirani yangu, aliyekwisha kuja mara tatu wiki hii, alininong'oneza nizibe masikio, maana hapo mfalme hunguruma mpaka taa zinatikisika.

Leo hakunguruma. Alisimama tu. Akaweka mkono kifuani. Kisha akalitaja jina la mtoto polepole, kama mtu anayeita katika nyumba ambayo anajua haina mtu.

Watu wa roshani yetu hurusha maganda ya machungwa. Leo maganda yalibaki mikononi. Yule jirani yangu, mtu mwenye shingo kama nguzo, alilia ndani ya kofia yake bila haya. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kushika mioyo elfu moja na asiinue sauti! Pazia liliposhuka wachukuzi wote walikuwa wamevua kofia. Ilikuwa kama kanisani.

Nilirudi nyumbani nikielea. Mtu yule, nami katibu wake!

Jikoni nikamkuta Pask, uso umempauka, Mama anamtilia chai. Alisema bwana wake aliuona ule ukingo mpana, ambao ni wa msiba wa mtu wa karibu kabisa, akajua ni mama yake amekufa, mwenye miaka themanini huko Exeter. Hakutaka kuona zaidi. Alisema akiifungua hataweza kupanda jukwaani, akaitia kifuani, akapanda. Akaigiza nayo mpaka mwisho, ndipo akaifungua.

Mama akauliza, masikini, na ndani imeandikwaje?

"Imeandikwa kwamba mwandishi ana mwandiko mzuri," akasema Pask.

Mama akageuka, akanitazama.

Jumapili, 13 Machi

Bwana Tyrell aliniita kabla ya kwenda kupanda treni. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alisema kwa saa tatu alimzika mama yake, na katika saa hizo alikumbuka kwamba yeye, anayeandikiwa na nusu ya nchi, hajamwandikia mama huyo kwa miaka miwili. Akanionyesha bahasha nene ya kwenda Exeter, kaiandika kwa mkono wake. Nilijiona mdogo kama punje ya haradali mbele ya mnara.

Akasema, binti, usimtishe tena mtu kwa habari za mama yake. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Nikalia. Sikupata nafasi ya kuuliza kuhusu kazi.

Pask alipobeba mizigo akanambia Goole kutanifaa, watoto hawaandikiwi barua.

Jumatatu, 14 Machi

Sanduku langu limefungwa. Treni ya Goole bado saa mbili. Nimefikiri sana. Leo Bwana Tyrell yuko Newcastle. Sasa anahitaji katibu kuliko zamani, wa kumkumbusha amwandikie mama yake. Nani zaidi yangu? Lakini barua Pask ataichoma.

Telegramu! Telegramu hakuna anayeichoma!

Nimekimbia posta. Tatizo ni karani: husoma kila neno kwa sauti mbele ya foleni. Niliona aibu, nikafuta salamu, nikafuta habari za mwandiko wangu, nikafuta na jina langu. Yakabaki maneno machache tu: KUHUSU MAMA YAKO. BARUA INAKUJA.

Karani aliyasoma kimya. Akanitazama kwa huruma, akaniita mwanangu, akasema ataituma kabla ya zote.

Watu wa Hull wana roho nzuri sana.