Jino la Mdogo Wangu

Jumatatu, 2 Juni
Mdogo wangu kaota jino la hekima. Ana miaka ishirini na miwili! Mimi thelathini na mmoja, na kule nyuma kabisa ya kinywa hakuna kitu. Nimejimulika kwa tochi mbele ya kila kioo dukani, na duka letu ni la vioo na fremu. Shavu limemvimba, basi Mama anampozea uji mwenyewe na kumweleza kila mteja kwamba hekima imeanza kuchomoza. Jumamosi Mama anasafiri kwa mwezi mzima. Bado hajasema nani ataachiwa duka. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Jumanne, 3 Juni
Nimetangaza kwamba langu nalo linachomoza. Nikajaza pamba shavuni. Mteja kauliza fremu ya picha yake ya harusi itakuwa tayari lini. Nikafungua kinywa kumjibu. Pamba ikamwangukia bibi harusi wa pichani usoni. Mdogo wangu akaipangusa, akamwomba mteja radhi. Afadhali angenicheka.

Jumatano, 4 Juni
Nimemsindikiza kwa daktari wa meno. Wema? Thubutu. Nilifuata eksirei. Mdogo wangu akamhoji daktari kama mtu anayenunua nyumba: je, kila jino la hekima lazima ling'olewe? Daktari akasema hapana, lililosimama wima na kufikiwa na mswaki huachwa. Hung'olewa lile linalooza, linalovimbisha ufizi kila mara, au linalomsukuma jirani. La mdogo wangu limesimama wima. Asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, ufizi utapoa. Hata jino lake lina adabu!
Nikadai na mimi nipigwe picha. Lipo! Kubwa kuliko lake! Limelala ubavu ndani ya taya, na jirani yake kaanza kuoza. Daktari akataka aling'oe kesho. Nimekataa. Ning'olewe hekima kabla Mama hajachagua?

Alhamisi, 5 Juni
Eksirei nimeitia fremu ya dhahabu, nikaitundika juu ya kaunta. Mama akaisogelea.
"Mwanangu," akasema, "hata hekima yako imelala."
Wateja watatu walisikia.

Ijumaa, 6 Juni
Taya linawaka moto tangu alfajiri. Nimeng'olewa. Sindano ya ganzi, kisha kusukumwasukumwa nusu saa, maumivu hakuna. Masharti: ning'ate kitambaa cha pamba, nisisukutue leo, nisinywe kwa mrija, nisivute sigara. Mdogo wangu alinishika mkono muda wote. Nikamminya kidole makusudi.

Jumamosi, 7 Juni
Mama kaondoka. Funguo kamwachia mdogo wangu. Naye akanipa za akiba, akasema duka ni letu sote. Anajua kuniudhi!
Mchana karudi kutoka kwa daktari wa macho, kavaa miwani. Mteja wa kwanza kamwita Mkurugenzi.
Nimeisoma kalenda ya ukutani nikiwa mlangoni. Nikaisoma nikiwa ng'ambo ya barabara. Naona mpaka jina la aliyeichapa. Macho mazima, bahati mbaya iliyoje. Jumatatu nitamwambia daktari wa macho sioni hata herufi ya kwanza.