Nilivyomkaribisha Mkwe Hispania

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Nimejifungia dukani, mlango nimeurudisha nusu, naandika huku mashine ya kopi ikinitazama kama na yenyewe imesikia. Nawahadithia nyie kwa sababu kesho mtayasikia barazani, na huko yatakuwa yameshatiwa chumvi. Bora mchukue kwangu yakiwa bado ya moto.

Nianze mwanzo. Mie mtu wa nyumbani, mnaonijua mnajua. Wambaa, kwao mke wangu, nakwenda kukiwa na msiba au harusi. Unguja nimekwenda mara chache, na kila mara nimetapika boti ikiwa bado imefungwa gatini Mkoani, hapa hapa Pemba. (Baharia mmoja aliwahi kuniuliza kama nina mimba. Sikumjibu, nilikuwa na shughuli.)

Sasa mke wangu Salma ana dada yake, Rahma, anaishi Hispania, mji wa Valencia. Kaolewa huko, kazaa huko, na watoto wake wanasema Kiswahili kama wanatafuna njugu za moto. Mwezi uliopita akapiga simu. Skuli za huko zinafungwa Krismasi, mumewe ana likizo, wanataka kuzunguka miji: Valencia, Kurtuba, Sevilla, Granada. Mwisho wa maneno akasema:

"Shemeji, njooni basi tuzunguke sote!"

Njooni. Mie neno hilo nililipokea kwa mikono miwili.

Kuanzia siku hiyo kazi ya kopi nikaiweka pembeni, nikawa mpangaji. (Wa safari, si wa chumba.) Nikachapisha ramani ya Hispania karatasi nne, nikaziunga kwa gundi, nikabandika ukutani juu ya kabati la vyombo. Nikachora mstari mwekundu kutoka mji hadi mji. Mstari ulipendeza! Ila niliuchora kwa akili ya Pemba. Nilidhani Valencia na Sevilla ni kama Chake na Wete, unatoka baada ya chai, unafika adhuhuri haijaadhiniwa. Kumbe baina yao unaweza kuzitia Pemba kadhaa na nafasi ikabaki.

Kila nilichopanga nikimtumia Rahma. Naye akinijibu, "Mashallah shemeji, umefanya kazi!" na vikatuni vya kucheka hadi machozi. (Vile vikatuni ningevitazama vizuri, leo nisingekuwa hapa.)

Barazani kwa kahawa nikaanza kusema na watu kama niliyekwisha kurudi. "Granada bwana baridi." "Kurtuba kuna msikiti una nguzo kama msitu." Wakanipachika jina la Mhispania. Nililipenda, siwafichi.

Basi hapo katikati akaja mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, kutoka Wambaa na mkungu wa ndizi. Akaitazama ramani. Akauliza hii nini. Nami kwa adabu zote nikamwambia: "Sie mama tunakwenda kwa Rahma Krismasi, tuzunguke miji. Karibu!"

Ndugu zangu, nyie ni watu wa hapa. Mtu akiwa anakula, ukipita mlangoni anakwambia karibu. Hata kama sahani imebaki mwiba wa samaki, anakwambia karibu. Nawe unasema "starehe", unashika njia yako. Yeye kakuheshimu, wewe umemheshimu, na samaki kabaki na mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa.

Bi Mwanakombo hakusema starehe. Alisema: "Ahsante mwanangu. Nakuja."

Nikajibu "inshallah." (Na hilo nalo nililisema vile tunavyolisema.)

Nikawa na tumaini kwamba atasahau. Hakusahau. Alikwenda kwenye mitumba akanunua sweta. Akakausha samaki wa kumpelekea Rahma. Wambaa nzima ikajua, hadi watu wakawa wanamtuma salamu kwa jamaa zao walioko Ulaya, kana kwamba Ulaya ni shehia moja.

Mnaniuliza, kwani kuna ubaya gani kwenda na mkwe? Hakuna. Bi Mwanakombo ni mama mwema, kushinda nistahilivyo. Lakini fikirini wenyewe. Treni, viti vimetazamana, mie na mkwe magoti yanakaribia kugusana. Nile vipi? Ninyooshe miguu vipi? Na chumba cha kukodi, ukuta mwembamba kama kadi ya harusi. Mie nakoroma. Sikoromi kwa adabu, nakoroma kama gari la karafuu likipanda mlima. Mbele ya mkwe! Kwa hiyo kwenye mipango yangu nikaandika watu wawili, mie na Salma, nikajipa moyo kwamba litapatikana la kusema.

Leo baada ya chakula cha mchana ndiyo nilikuwa nawasilisha mpango rasmi. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, Rahma akatokea kwenye kioo. Salma kakaa mkekani. Mlango ukabishwa hodi, akaingia Bi Mwanakombo, na juu ya buibui kavaa lile sweta. La sufu. Zito. Kwa jua hili la leo! Jasho linamtiririka kama kanyeshewa.

"Mama!" Rahma akapiga kelele. "Shikamoo mama! Hilo sweta la nini?"

"Marahaba. Nnajizoesha," akasema Bi Mwanakombo, akajipepea kwa upindo wa kanga. "Nisije kukutia aibu huko."

Rahma alicheka, halafu akajifuta macho. Mie nikaona ni wakati mzuri wa kuanza. (Hapo mnanijua nilivyo. Mtu analia, mie nashika rula.)

Nikaonyesha mstari mwekundu. Nikaeleza. Siku ya Krismasi yenyewe, nikasema, tunaingia Granada mchana, tunakwenda sokoni, tunanunua kuku, tunapika.

"Shemeji," akasema Rahma, "Krismasi hapa hata mkate hupati. Kila duka limefungwa. Ni kama uende kutafuta urojo asubuhi ya Ramadhani."

Nikaendelea. Nikafika kwenye vyumba. Salma akainua kichwa.

"Mbona kila mji vitanda viwili? Mama umemweka wapi?"

"Hayo... yatapangwa," nikasema.

"Yatapangwa na nani? Si wewe ndiye mpangaji?"

Nikaokolewa na adhana ya alasiri. Bi Mwanakombo akainuka, akaenda uani kutia udhu. Nikasikia maji ya ndoo. Nikaona nafasi ndiyo hii, sipati nyingine. Nikaichukua simu, nikaigeukia pembe ya chumba, nikanong'ona.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu simu yangu. Spika yake ya sikioni imekufa. Inasema kwa sauti kubwa tu, haina njia nyingine. Nililijua hilo. Nikadhani nikinong'ona mie, na simu itanong'ona. Msiniulize nilisoma wapi, skuli nimemaliza!

"Rahma, sikiliza," nikanong'ona. "Mama nilimkaribisha tu. Si unajua sie? Nilitegemea atasema starehe."

"ATI NINI?" simu ikanguruma. "ULIMKARIBISHA MAMA KWA MDOMO TU?"

"Punguza sauti!"

"KWANI SIMU NI YANGU AU YAKO?"

Uani maji ya ndoo yakanyamaza.

Salma alinitazama. Sina maneno ya kuwaelezea lile jicho. Anayetaka kulijua na aoe.

Na Rahma hakumaliza. "Shemeji, maadam leo ni siku ya kusema kweli, na mie nikwambie yangu. Niliposema njooni, na mie nilikukaribisha tu. Wewe boti ya Unguja hujaimaliza bila mfuko wa plastiki! Pasi ya kusafiria huna! Nani angedhani utaitikia? Niliposema njooni nilijua utabaki, Salma aje na mama. Mama na Salma wanazo, walikwenda nazo umra. Ninayemtaka ni mama yangu, nimekaa miaka sijamtia machoni. Wewe umeniletea ramani!"

Nikairudisha simu kwenye chupa ya chai.

Yaani mie nilikuwa nimekaa pale nafanya hesabu ya kumtoa mgeni, kumbe mgeni wa karibu ya mdomoni ni mie. Mwenye safari ni yeye. Wiki zote zile nimempangia mtu safari yake, halafu nikamtoa ndani yake.

Nikageuka. Bi Mwanakombo kasimama mlangoni. Mikono inachuruzika maji ya udhu. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu uliyempita mlangoni anakula, akasema:

"Starehe, mwanangu."

Akavua lile sweta. Akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka juu ya kabati. Akamwambia Rahma, "Mwanangu, kaa na wenzio, mzunguke kwa amani. Mie kiti cha kukaribishwa kwa mdomo tu siketi." Akatandika msala, akasali.

Rahma kwenye simu analia. Salma anasema na dada yake pole pole, mie nimepewa mgongo. Nami nimesimama katikati na rula mkononi. Nilitamani ile ramani inifunike kama shuka.

Akasali, akakaa na tasbihi yake kitambo. Alipoiweka tasbihi nilikuwa nimekwisha kupiga magoti mkekani.

"Mama, nisamehe. Nimekosa. Si kwamba sikukutaka. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nikatazama chini. "Kukoroma."

"Nini?"

"Nakoroma, mama. Chumba kimoja na mkwe... niliona haya."

Bi Mwanakombo akaniangalia. Halafu bega lake likaanza kutikisika.

"Omari," akasema, "siku zote ukija Wambaa kwenye misiba ukalala, unadhani hatukusikii? Kuna mwaka wafiwa waliacha kulia wakawa wanakusikiliza wewe."

Salma akapasuka kwa kicheko. Simu ikacheka kule Valencia, watoto nao wakaitwa waje wasikie. Mie peke yangu sikucheka. Wambaa nzima wanajua? Tangu lini? Na nyie mnaosoma, mlijua?

Kicheko kilipopoa, Bi Mwanakombo akainuka akaisogelea ramani. Akaniambia nimwonyeshe. Nikakurupuka. Nikaanza kumpeleka Kurtuba kwenye nguzo, akanikata.

"Sitaki huko. Mwanangu yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha Valencia, ile nukta kando ya bahari. Akaweka kidole juu yake. Akakiacha hapo. Hakuuliza Granada. Hakuuliza Sevilla, wala kama kuna baridi. Miji yote ile niliyoihangaikia, nguzo, makasri, treni, yeye alikuwa na haja na nukta moja tu, na mie ndiyo niliyotaka kumnyima, kwa sababu ya pua yangu.

Hapo, wenzangu, ndipo niliposhindwa. Nilitoka uani nikajifanya naangalia kuku.

Niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa bila mie. Bi Mwanakombo anakwenda. "Nakwenda kwa mwanangu," alinisisitizia kwa kidole, "si kwa karibu yako." Salma anamsindikiza. Krismasi yote watakuwa huko. Mie nabaki na kuku, na mbuzi wa Bi Mwanakombo ataletwa hapa nimwangalie. Na mipango nimepewa niifanye upya, vitanda viwili vile vile, ila majina yamebadilika. Nimekubali. Nikaongeza shali na soksi za sufu bila kuambiwa. Ndiyo toba yangu ya mwanzo.

Nikamwomba Salma radhi na yeye. Kasema amenisamehe, lakini alisema huku ananifungia mlango wa jikoni. Sasa hivi wako ndani mama na mtoto, wanacheka na Rahma, na harufu ya pweza wa nazi inanifikia hadi hapa dukani. Hakuna aliyeniita.

Somo nililolipata leo ni hili: shemeji akikwambia njooni, muulize anamtaka nani kati yenu. Na usimkaribishe mkweo kama huna moyo wa kumsogezea kiti.

Basi naomba msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia na aje dukani anicheke ana kwa ana, ila aje na sahani ya wali, na kitoweo kisikose.