Faili la Mzee Kasimiri

Jumatatu, 7 Juni 1993
Baridi ya kukata masikio. Tangazo limebandikwa: Ijumaa anakuja mgeni kutoka wizarani, achague mmoja wetu aende kozi ya ushauri nasaha. Atakayebaki ajiandae, maana serikali inapunguza wafanyakazi. Wodi yetu ya wagonjwa wa akili ina wauguzi wawili tu, mimi na Otilia. Otilia hana mbinu. Mimi ninazo!

Jumanne, 8 Juni
Nimenong'onezwa kwamba mgeni ataulizia mgonjwa mmoja tu, Mzee Kasimiri wa Matai. Tangu amzike bintiye Lucia mwezi wa tatu, hajatamka neno. Kila asubuhi Otilia huchuchumaa mbele yake, hupiga makofi taratibu kama Wafipa wanavyosalimu wakubwa, kisha hukaa kimya akichambua maharage ya jikoni. Maharage! Nikamwuliza hiyo ndiyo kazi? Akasema anasubiri. Nilicheka mpaka koo likaniuma. Mimi nilivaa koti jeupe, nikasimama wima, nikamsomea mzee maswali thelathini. Akageukia ukutani.

Jumatano, 9 Juni
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mgeni hatakaa na mgonjwa, atasoma faili! Nimeandika: Mgonjwa anazungumza vizuri, anakula, analala, anasema moyo umepoa. Mwandiko safi kabisa. Baadaye Otilia akaja mbio, machozi yanamtoka, ati leo mzee amemrudishia makofi. Mara mbili. Nikamwambia makofi hayaandikwi kwenye faili.

Alhamisi, 10 Juni
Balaa. Daktari naye kasoma faili! Kasema mtu aliyepona hivi anajaza kitanda bure, arudi kwao. Otilia akamsihi, akasema mzee bado. Daktari akanigeukia, akaniuliza anazungumza au hazungumzi. Nikaliona lile tangazo ukutani. Nikasema anazungumza. Mzee akapandishwa lori lililoleta mahindi, linarudi tupu Matai. Alinitazama.

Ijumaa, 11 Juni
Mgeni kaja, kasoma, kanipa mkono. Nimechaguliwa! Otilia hakunipongeza. Wivu huo.

Jumatatu, 14 Juni
Mzee Kasimiri amefariki. Jana asubuhi walimkuta juu ya kaburi la Lucia, amevaa shati la wodi, baridi imemmaliza. Otilia alinieleza polepole, hakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo nilipolia. Nimelia kweli, kama mtoto. Niliandika hapa kwamba nimemuua. Nikafuta.

Jumatano, 16 Juni
Msibani Matai. Mjane, Mama Lucia, amekaa mkekani, hasemi na mtu. Otilia akachuchumaa, akapiga makofi, akakaa naye kimya kutwa nzima. Baadaye nikaona mjane amemlalia begani. Mimi nilikuwa nimelifua koti langu. Nikasimama mbele ya mjane, nikamwuliza maswali kumi tu, kwa kuwa ni msiba. Hakujibu hata moja. Lakini kozi inaanza Jumatatu, na kila mmoja anatakiwa aende na mfano wa mtu aliyemhudumia. Nimefungua faili jipya. Nimeandika: Mjane anazungumza vizuri. Amefarijika.